Mazao yanaanza safari kwa miguu, barabara tunajenga za magari

KILA kukicha tunasikia kilio cha barabara. Mkulima analia, mfanyabiashara analia, mbunge naye akisimama bungeni analia. Na kilio chenyewe ni kile kile: tuleteeni greda, tuleteeni lami, lori lifike shambani. Sina ugomvi na kilio hicho. Ila leo nataka tuzungumze juu ya mtu asiyemo ndani yake, yaani anayetembea kwa miguu na anayeendesha baiskeli kwenye barabara hiyo hiyo tunayoililia.

Tuchukue mfano wa mzigo mmoja. Mkulima wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, analima kabichi, karoti, njegere na viazi. Ukimuuliza mzigo wake unafikaje Kariakoo atakujibu kwa neno moja tu: fuso. Mbane kidogo. Atakwambia kuwa kwanza mzigo umeshuka mlimani kichwani mwa mkewe na wanawe, kwenye kinjia chembamba ambacho mvua ikinyesha kinateleza kama sabuni, mpaka sokoni Nyandira au pale fuso linaposimama. Hapo ndipo fuso linapoingia kazini na kwenda zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam. Alfajiri, pale Kariakoo, mzigo unashushwa na kurudi tena miguuni mwa watu. Mchukuzi anaubeba begani, mwenye mkokoteni anausukuma, mwenye guta anaukanyagia. Mama muuza mboga anajitwika fungu lake kwenye beseni na kushika njia ya Upanga, akagonge mageti ya maghorofa moja baada ya jingine.

Kwa hiyo mzigo mmoja una safari tatu, na mbili kati ya hizo, ya kwanza na ya mwisho, ni za miguu, baiskeli na mikokoteni. Lakini fedha, mipango na hotuba karibu zote ziko kwenye ile ya katikati.

Hata jina la Kariakoo linatukumbusha jambo hili. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao walikuwa na kambi mahali hapo. Ni watu waliobeba mizigo ya vita kwa vichwa na mabega, na wengi wao hawakurudi makwao. Soko mashuhuri kuliko yote nchini limeitwa kwa jina la watu wa miguu, halafu leo mtu wa miguu ndiye anayetafuta pa kupita.

Naandika haya nikiwa Upanga, na siitaji Upanga kwa sababu ya mboga peke yake. Hapa ndipo ilipo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na katika eneo hilo hilo ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mtu akivunjika paja Kisarawe, Handeni au Kilosa, hospitali ya wilaya ikashindwa na ya mkoa ikashindwa, karatasi ya rufaa inamleta Upanga. Wakuu wa taasisi hiyo wamekuwa wakisema mwaka hadi mwaka kwamba majeruhi wa barabarani, hasa wa pikipiki, ndio wanaowajazia vitanda. Njia ya shambani ina mwisho wa namna mbili hapa mjini. Mmoja ni sokoni, mwingine ni wodini.

Naomba wakulima na wachuuzi wapige hesabu ya mguu uliovunjika, maana katika kurasa za biashara hatuipigi. Mguu ukivunjika mwezi wa palizi, palizi imekwisha. Anayeuguza naye amekwisha, kwa sababu ndiye angeshika jembe la pili. Nauli ya kuja Dar es Salaam ni ya watu wawili, kurudi ni ya watu wawili, na kliniki ya kuangaliwa mfupa ni safari nyingine. Ng'ombe anauzwa kwa bei ya shida. Aliyekuwa anakopeshwa pembejeo kwa kuaminiwa, msimu unaofuata haaminiwi tena. Mchuuzi hali yake ni mbaya zaidi, kwani mtaji wake uko mfukoni na tumboni. Akilala wiki mbili, mtaji umeliwa. Hiyo ni hasara ya biashara kama hasara nyingine yoyote, tofauti ni kwamba hakuna mahali inapoandikwa.

Sasa twende kijijini, maana huko ndiko jambo hili linakoanzia.

Barabara mbovu, pamoja na ubaya wake wote, ina ulinzi wa aina yake. Yenye mashimo na makorongo, pikipiki hupita ikijikongoja, gari hupita likipepesuka. Siku greda linapopita watu wanashangilia, na wana haki ya kushangilia. Wiki inayofuata pikipiki zinapita kwa kasi mara mbili au tatu ya ile ya zamani, mahali pale pale. Mtoto anayekwenda shule ni yule yule. Bibi anayetoka kisimani ni yule yule. Baiskeli yenye madumu ya maziwa ni ile ile, breki zake za kamba ni zile zile. Kilichobadilika ni mwendo wa chombo kinachowafuata kwa nyuma.

Tazama pia jinsi greda lenyewe linavyofanya kazi. Linakwangua katikati na kusukuma udongo pembeni, na mara nyingi udongo huo unabaki hapo kama ukingo. Nje ya ukingo kuna mtaro. Anayetembea bila mzigo anaweza kuruka akasimama ng'ambo ya mtaro. Mwenye baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa, au mikungu ya ndizi iliyofungwa huku na huku, hawezi kuruka. Akisikia honi nyuma hana kwa kwenda. Akijaribu kuupanda ukingo, gurudumu la mbele linageuka na mzigo unamwangukia. Wakati wa kiangazi ongeza vumbi: lori la kwanza likipita, dereva wa pili haoni chochote, na ndani ya wingu hilo mna watu.

Si nia yangu kuwasakama vijana wa bodaboda. Pikipiki imefika kule ambako basi halikuwahi kufika. Imempeleka mjamzito zahanati usiku wa manane na imemletea mkulima mbolea mpaka mlangoni. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, ikaikubali kazi hiyo kuwa kazi. Lakini barabara za vijijini zilichongwa kwa mawazo ya Land Rover mbili kwa siku. Leo nyingi zina pikipiki mchana kutwa, na bado hazina hata hatua moja ya pembeni kwa ajili ya mtu.

Mwendo ndio kiini cha yote. Gari likimgonga mtu kwa kilomita 30 kwa saa, mara nyingi anapona. Likimgonga kwa 60, mara nyingi hapati bahati hiyo. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 mahali watu na magari wanapochanganyika. Kwetu kibao cha kijijini kwenye barabara kuu kinasema 50, na sote tunajua kinavyoheshimiwa pale ambapo trafiki hayupo na tochi yake. Kwenye barabara za vumbi za ndani hakuna kibao wala tochi. Utaratibu tulionao ni huu: mtoto anagongwa, wananchi wanafunga barabara kwa magogo na mawe, mkuu wa wilaya anakuja, tuta linajengwa. Kila tuta la namna hiyo lina jina la mtu.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likizungumzwa vya kutosha kwenye vikao vya barabara. Vijiji vyetu vingi vilikuwa na njia za miguu kabla ya kuwa na barabara. Njia hizo zilikata kona, zikapita kivulini, zikafuata visima na mashine ya kusaga. Barabara ikichongwa watu wanahamia barabarani, kwa sababu ni pana na imenyooka. Mwenye shamba anaona njia haina watu, anaongeza safu mbili za mihogo. Mwaka unaofuata anapanda uzio wa minyaa. Baada ya miaka mitatu njia imekufa, na hakuna aliyekutana kuamua ife. Ndipo magari yanapoanza kuongezeka barabarani, watu wanataka kurudi kwenye njia yao, wanakuta ni shamba.

Jambo hili tulilijua zamani. Katikati ya miaka ya 1980, wilayani Makete, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa na sasa ni Njombe, ulianza mradi wa usafiri vijijini uliosimamiwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ILO. Wataalamu walikwenda kuhesabu wanakijiji wanasafiri wapi, kwa nini na kwa muda gani. Walichokikuta kiliwashangaza waliozoea kufikiria lori: safari nyingi za kaya hazifiki barabarani kabisa. Ni za kisimani, za kuni, za shambani, za mashine ya kusaga, na karibu zote ni za miguu, na mzigo mkubwa wa safari hizo unabebwa na wanawake. Mradi ukaanza kutengeneza njia za miguu zenyewe, kuweka vivuko kwenye vijito, kuhimiza punda. Kutokana na mafunzo ya aina hiyo nchi ikawa na programu ya usafiri vijijini katika miaka ya 1990. Leo nani anaikumbuka? Wahandisi wachache wenye mvi.

Nikisema wanawake, sisemi kwa mapambo. Katika kaya nyingi baiskeli ikiwapo ni ya baba. Mama anabaki na kichwa chake. Kwa hiyo tukiboresha barabara ya magurudumu tu, tumemboreshea mwenye magurudumu.

Tuangalie mfuko. Barabara za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 baada ya shughuli hiyo kuondolewa halmashauri. Mtandao wake ni zaidi ya kilomita 144,000, ukilinganisha na kama kilomita 36,000 za TANROADS, na sehemu kubwa mno ya kilomita za TARURA haina lami. Hata hivyo, kwa miaka mingi mgawo wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa hizi nyingine. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Tozo hiyo haimgusi mwenye gari peke yake. Mkulima wa miguu anailipa ndani ya nauli, ndani ya bei ya mbolea, ndani ya kile anachokatwa na mwenye fuso. Analipa, basi ana haki ya kuuliza mita yake iko wapi.

Na hakuna anayesema lami ifike kila kitongoji. Wilayani Bagamoyo, kwenye barabara ya Bago kwenda Talawanda, na wilayani Siha, kati ya Lawate na Kibongoto, yalifanyika majaribio ya kutengeneza barabara za vijijini kwa gharama nafuu, kwa kuweka tabaka gumu la aina mbalimbali, zikiwamo njia mbili za zege za kupitishia matairi. Fikra yenyewe ni nzuri: weka fedha pale penye mlima na tope, pengine pote paache udongo mzuri uliochongwa vizuri. Lakini nina dukuduku. Ukiweka utepe wa zege, kila mtu anautaka. Mwenye baiskeli anaupenda kwa sababu ni laini, mama mwenye ndoo anaupenda kwa sababu hautelezi, pikipiki nayo inaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Bila nafasi ya pembeni, umewakusanya wote kwenye upana wa nusu mita.

TARURA pia imekuwa ikijenga madaraja ya mawe, yale ya upinde, kwa mawe ya hapo hapo na mafundi wa hapo hapo. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yaliyoenea zaidi. Kazi hiyo nampongeza kila aliyeishika. Daraja la namna hiyo likiongezwa ukuta mfupi pembeni na nafasi ya mtu mwenye mzigo kusimama gari likipita, linakuwa la watu wote.

Hapa mjini tuna funzo letu, zuri na baya kwa pamoja. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kutoka Kimara, barabara yake ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Waendesha baiskeli wa UWABA, ambao kwa miaka wamekuwa wakifanya msafara wa baiskeli mjini kudai njia zao, walikuwa na sababu ya kufurahi. Lakini njia bila usimamizi ni mali ya mwenye nguvu. Pikipiki zikagundua kuwa ya baiskeli haina foleni. Magari yakapanda kuegesha. Ukitoka Faya kuja Upanga leo, utakuta mahali pengine njia ya mguu imegeuzwa maegesho, pengine mfuniko wa mtaro hauna, na mama wa beseni anashuka barabarani kulizunguka gari lililolala.

Na machinga je? Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wachuuzi, kwa hiyo niseme wazi. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kwenye njia za miguu za Kariakoo na sehemu nyingine za mji, na baadaye wengine wakarudi. Mimi sioni kama machinga na mtembea kwa miguu ni maadui. Machinga anakaa pale kwa sababu mteja wake anapita kwa miguu. Barabara ya magari matupu haimuuzii hata leso. Kinachotakiwa ni upana. Mita mbili za kupita na mita moja na nusu ya kupanga bidhaa, zilizochorwa na kusimamiwa, zinawatosha wote kuliko kukimbizana na mgambo. Upana huo upo, ila umelaliwa na magari. Gari moja lililoegeshwa kutwa linachukua nafasi ya wachuuzi wanne na halinunui kitu.

Kama kuna anayedhani mambo haya ni ya nadharia, shule za msingi za Dar es Salaam zimeshatoa jibu. Shirika la Amend lilizitazama shule ambazo watoto wake wanagongwa sana, likajenga vitu vya kawaida kabisa: njia ya mguu, tuta, kivuko chenye mistari, alama, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya watoto. Utafiti uliolinganisha shule zilizotengenezewa na ambazo hazijatengenezewa ulionyesha kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya WRI. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo ambacho fundi wa kijijini hawezi kukijenga kwa kokoto, mawe na saruji kidogo.

Lakini tusiisukumie serikali kila kitu. Lumbesa ni ya kwetu wenyewe. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Sisi tunashona juu ya gunia gunia jingine, halafu tunalifunga nyuma ya baiskeli aina ya Phoenix iliyotengenezwa kumbeba mtu na kapu lake. Tumezoea kusema lumbesa inamwibia mkulima, na ni kweli. Lakini pia inamvunja kiuno mchukuzi wa Kariakoo, na njiani inaifanya baiskeli iyumbe mita nzima kushoto na kulia. Dereva anayepishana nayo anakisia tu itaegemea wapi. Baiskeli yenye mzigo wa kadiri inakwenda mara mbili na inafika mara mbili.

Na taa. Wenye maziwa, mayai, mkate na mchicha wanatoka saa kumi za usiku, baiskeli nyeusi, nguo nyeusi, barabara nyeusi. Rifleka nyekundu ya nyuma inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli Kariakoo na katika kila gulio, na bei yake haimshindi mwenye mkungu mmoja wa ndizi. Vyama vya ushirika vinavyopokea maziwa alfajiri vingeweza kuvinunua kwa jumla na kumkata kila mwanachama kidogo kidogo. Nashangaa kwa nini wengi hawajafanya hivyo.

Jambo la mwisho kabla sijafika kwenye mkutano wa kijiji ni haki ya aliyegongwa. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya kumfidia mtu wa tatu anayeumizwa au kuuawa. Mtu wa tatu ni wewe wa miguu na wewe wa baiskeli. Lakini vijijini ajali nyingi huishia chini ya mwembe: mwenye pikipiki analeta shilingi elfu hamsini na kuku, wazee wanasema yaishe, na yanaisha. Baada ya mwezi mfupa haujaunga na fedha imekwisha, hakuna tena wa kumuuliza. Chukua namba ya chombo. Toa taarifa polisi upate PF3. Tunza kila risiti ya hospitali, hata ya bandeji. Kampuni ya bima ikikuzungusha, msimamizi wake ni TIRA. Kupatana na jirani ni jambo jema, lakini tupatane baada ya daktari kusema mguu umepona.

Sasa mkutano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu ndio unaoridhia ardhi ipi iwe ya matumizi ya wote. Njia ya miguu ni matumizi ya wote. Inaweza kuandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ikawekewa upana, ikapandwa miti pembeni badala ya minyaa ya kuifunga, na kijiji kikatunga sheria ndogo ya kumtoza anayeilima, ikishapitishwa na halmashauri ya wilaya. Ifanyike kabla greda halijafika. Njia iliyo hai kuilinda ni kazi ya kikao kimoja; iliyokwisha kulimwa utakwenda nayo mpaka baraza la ardhi.

Upande wa barabara yenyewe, mabega ya mita moja kila upande si ndoto. Greda likiwa limeshafika, dereva analipwa na mafuta yamo, kuongeza upana huo sehemu zenye nyumba, shule, gulio na zahanati si sawa na kulileta upya baada ya miaka mitano. Mahali ambapo kilima au mashamba hayaruhusu, weka matuta mawili na kibao cha 30, na ule ukingo wa udongo usawazishwe kabla mkandarasi hajasaini kuwa kazi imekwisha. Haya yote yanaingia kwenye mchanganuo wa gharama yakisemwa mapema. Yakisemwa mkandarasi akiwa kazini, jibu ni moja: bajeti haikuwa nayo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji vinakusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Mkutano mkuu wa kijiji kwa utaratibu unakaa kila miezi mitatu. Meneja wa TARURA wa wilaya anaweza kualikwa, na diwani anapaswa kuwapo. Akishamaliza kueleza kilomita ngapi zitachongwa, mtu mmoja anyooshe mkono amuulize: kwenye mchoro huo, baiskeli yenye magunia mawili ikikutana na fuso pale kwenye kona ya shule, inapita wapi? Na mtendaji aliandike jibu kwenye muhtasari.